Wanafunzi watuulize, ila waje na daftari mkononi

Bwana mhariri,

Miye ni injinia wa ujenzi hapa Bukavu, na kila wiki kuna mwanafunzi ananitumia kwa WhatsApp foto ya TP yake nzima, ile kazi ya mazoezi ya chuo, na kuandika "Papa unisaidie, tunarudisha kesho asubuhi", hata salamu hakuna. Nikimfanyia yote ye anajifunza nini? Na huyo huyo njo kesho atajengea watu nyumba kule Kadutu, kwenye milima udongo unateremkaka mvua ikizidi!

Lakini wenzangu wenye kuwafungia mlango kabisa nao siwaelewi, juu mtoto aulize nani kama si siye?

Mwezi uliopita kijana mmoja alifika shantie, pale tunajenga, na daftari, hesabu alikuwa ameshapiga, beto (zege) ya kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo, akapata mifuko 6 na akataka kujua kosa liko wapi. Tukarudia pamoja polepole, mfuko ni kilo 50 kwa hiyo ni 7, kisha nikamshikisha mchanga, nikamwambia sugua, mchanga ukiacha matope kwa vidole, huo usiuweke kwa beto. Saa nzima ikaisha na sikuchoka hata kidogo.

Maprofesa wawapatie muda wa kutosha tafadhali, na nyie wanafunzi mtuandikie mapema, mseme mmefika wapi na mmekwama wapi. Miye Jumamosi niko shantie, mje.

Injinia mmoja, Bukavu