Steaua Bucharest hawakubebwa na bahati

Mhariri,

Kila fainali ya Kombe la klabu bingwa Ulaya inapokaribia, kurasa za michezo hutuwekea orodha ya mabingwa waliopita, na Steaua Bucharest ya Romania ya msimu wa 1985/86 hupewa mstari mmoja tu: walishinda kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, mwaka ambao klabu za England hazikuwapo. Naomba nafasi nipinge, maana huko ni kuwadhulumu watu waliovuja jasho.

Kufungiwa kwa klabu za England kulitokana na vifo vya watu 39 katika uwanja wa Heysel, Brussels, Mei 29, 1985. Everton, mabingwa wa nchi yao, wakakosa kucheza, na niliwasikitikia. Lakini Waromania walihusika vipi? Vigogo wengine walikuwapo. Juventus, watetezi wa kombe, walitolewa na Barcelona robo fainali. Bayern Munich walitolewa na Anderlecht, na Anderlecht hao hao, baada ya kuifunga Steaua 1-0 kwao, walikwenda Bucharest wakala 3-0. Raundi ya pili ilikuwa hivyo hivyo: Honvéd ya Hungaria ilishinda 1-0 nyumbani, ikachapwa 4-1 ugenini. Wakati ule hakukuwa na makundi ya kusahihishia makosa. Ukizidiwa kwa jumla ya mechi mbili, unafungasha virago.

Fainali dhidi ya Barcelona ilipigwa Mei 7, 1986, mjini Seville, Hispania, yaani Barcelona walikuwa ndani ya nchi yao. Steaua walimkosa nahodha wao, Tudorel Stoica, aliyekuwa na adhabu ya kadi. Kipindi cha pili wakamwingiza Anghel Iordănescu, kocha msaidizi, aliyetimiza miaka 36 siku tatu tu kabla. Dakika 120 zikaisha 0-0.

Hapo kwenye matuta ndipo watu husema bahati. Jamani, tazameni picha za siku ile! Steaua walianza vibaya: Majearu na Bölöni wote walipiga, Urruti, kipa wa Barcelona, akadaka. Kipa wa Steaua, Helmuth Duckadam, ndiye aliyewabakiza mchezoni. Akaruka kulia, akaupangua mpira wa Alexanko. Kulia tena, Pedraza akakosa. Lăcătuș akafunga kwa kombora lililogonga mwamba wa juu likaingia. Pichi Alonso, aliyepiga mabao matatu dhidi ya Göteborg katika nusu fainali, naye akakuta Duckadam keshalala kulia kwa mara ya tatu. Balint akafunga la pili. Marcos alipokuja, Duckadam akahamia kushoto, akaokoa la nne. Kipa anayebahatisha hasomi wapigaji wanne mfululizo.

Timu ya kubahatisha isingeifunga Dynamo Kiev 1-0 na kutwaa Super Cup ya Ulaya Februari 1987, wala kufika nusu fainali ya 1988 na fainali ya 1989. Safari zote hizo Duckadam hakuwamo. Muda mfupi baada ya Seville alipata tatizo la damu kuganda mkononi, na hakuichezea tena Steaua. Alifariki Desemba 2024.

Ombi langu ni dogo. Orodha ijayo, mkifika 1986, andikeni kwamba Steaua ndiyo klabu ya kwanza ya Ulaya Mashariki kulitwaa kombe hilo, na jina la kipa mliandike kamili.

Mpenzi wa soka,
Tanga