Biashara au urafiki? Wachague moja

Mhariri,

Sijawaandikia tangu nistaafu, lakini ile taarifa yenu ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, imenitoa kimya. Eti safari hii Wachina wanakuja kwa biashara tupu!

CCECC, kampuni ya ujenzi iliyosaini mwaka 2025 kuifufua na kuiendesha reli hiyo kwa miaka 30 na kuahidi dola bilioni 1.4, ni mali ya serikali ya China. Imetokana na idara ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya huko. Wachina walitujengea kilomita 1,860 kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba, baada ya Benki ya Dunia kusema reli hiyo haitalipa. Faida yao waliiona 1971, kura za Afrika zilipowasaidia kupata kiti Umoja wa Mataifa. Leo Wamarekani wametia fedha reli ya Lobito ya Angola, nayo ya kubebea shaba; shaba ya Kongo na Zambia inagombewa, na ninyi mnatuambia biashara tupu.

Mimi nimeonja. Miaka ya nyuma niliuzia kokoto kampuni nyingine ya ujenzi, siitaji, nayo ya serikali ya nje. Tripu 14, nikalipwa 5. Nilipofuata zile 9, mhasibu akanigeuzia kalkuleta: mradi unakula hasara, mzee, punguza bei. Haya, huyo mfanyabiashara. Nikabeba hati zangu za kupokelea mzigo, zote zina mihuri, nikaenda kwa mkubwa mmoja wa kwetu. Akazisoma, akazikunja vizuri, akanirudishia. "Mzee wangu, tusiharibu urafiki wa mataifa." Kumbe nikidai ni biashara, nikishtaki ni urafiki! Siku ya kukata utepe mkurugenzi wao aliketi meza moja na balozi, akahubiri undugu, na dereva wangu wa tipa yuko nje ya geti ananidai posho.

Nanyi magazeti hamsaidii. Kila mkataba, picha ya watu wameshikana mikono na majalada mekundu kwapani. Ndani ya jalada mna nini, hamuulizi.

Wizara inunue viti viwili vya plastiki. Kimoja kiandikwe BIASHARA, kingine SERIKALI. Mgeni akija kujadiliana achague, na asihame mpaka miaka 30 iishe. Wa kwetu nao vivyo hivyo, maana nao wanahamahama. Bajeti ikikosekana viti nitanunua mimi, nikishalipwa tripu zangu 9.

Mstaafu,
Makambako