Vyuo visiwaachie mwaka wa kwanza wajipange wenyewe

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza umefika, na kama kawaida tutasikia hotuba za wiki ya utambulisho: karibuni, jisikieni nyumbani, hapa sote ni ndugu. Nimezisikiliza hotuba hizo miaka mingi, upande wa wahadhiri, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na Jumatatu inayofuata, pale chuo kinapomgeukia kijana aliyeshuka juzi stendi na begi lake na kumwambia: tafuta kikundi chako, tafuta wa kukaa naye chumba, jipange.

Tunapenda kujisifu kwamba nchi hii haina ukabila, na kwa sehemu kubwa tuna haki. Darasani kwangu Mchaga na Mpare hutaniana mpaka nalazimika kuwanyamazisha. Lakini pita kwenye vimbweta, zile meza na viti vya saruji vya kujisomea, jioni uangalie nani kakaa na nani. Kimbweta cha kwanza kina kompyuta mpakato nne na mazungumzo ya Kiingereza. Wote wametoka shule mbili tatu za binafsi na walikuwa na grupu lao la WhatsApp kabla chuo hakijafunguliwa. Hatua chache pembeni, vijana sita wameinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka, wanasoma notsi kwa zamu huku mmoja akinakili kwenye daftari. Hao ni wa shule za kata. Ukiwauliza makabila, vimbweta vyote viwili vimechanganyika vizuri tu. Kinachowatenganisha ni ada ambayo wazazi wao walilipa, au hawakulipa, miaka kumi iliyopita.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali, na mtoto wa Bukoba akawa anapangiwa Songea bila kuulizwa. Mpaka leo kidato cha tano katika shule za serikali hupangwa kitaifa, kwa hiyo mikoa bado inakutana. Ila tangu miaka ya 1990, shule binafsi zilipopata nafasi, wenye uwezo walihamisha watoto wao, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa 2004 hadi 2009 ukajaza nchi shule za kata. Ulikuwa mpango mwema, uliwafikisha chuoni vijana ambao wasingeota kufika. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mikoa imechanganyika na mifuko haikuchanganyika. Wapo wanafunzi wangu ambao mpaka wanafika chuo kikuu hawajawahi kukaa dawati moja na mtu aliyesoma Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, na wapo wa Kayumba ambao hawajawahi kumwuliza swali mtu aliyesoma msingi kwa Kiingereza.

JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, hujaribu kuwachanganya. Ilisitishwa 1994, ikarudishwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, na vijana waliopitia huko hunisimulia kwa kicheko: mtoto wa bosi na mtoto wa mama ntilie hanga moja la kulala, foleni moja ya ugali na maharage, na afande hana habari na Kiingereza chako. (Wenzao wa Chuo cha Dar es Salaam, Mlimani, waliandamana kuikataa mwaka 1966, Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani kwa mamia. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Wa JKT wanakuja kwetu nywele hazijarefuka vizuri, na ndani ya wiki mbili wameshatengana. Kambini walipangwa. Kwetu wanaachiwa.

Kuachiwa huko kunaumiza zaidi kwenye kazi za vikundi. Mhadhiri anatangaza: watu kumi kumi, mada hii, mtawasilisha wiki ya tano. Wenye wenzao wanajaza majina kabla hajafunga kompyuta yake. Waliobaki wanasimama mlangoni wakitazamana, wanakuwa kikundi cha mwisho. Hata pale kikundi kinapochanganyika kwa bahati, kuna mgawanyo wa kazi usioandikwa popote: mwenye Kiingereza cha kumwaga ndiye husimama mbele, na yule wa shule ya kata hutoa mchango wake wa shilingi mia tano, kisha hutumwa steshenari kuchapisha na kubana pini. Jalada lina majina kumi, mawazo ni ya wawili. Ukiuliza swali, wanane wanatazama viatu.

Halafu unakuja mtihani wa mwisho wa muhula, na hapo hakuna kikundi. Desa zuri, yaani notsi za kunakili, na mitihani ya nyuma havibandikwi ukutani, hupita mkononi kwa mtu mnayejuana. Anayepata supu, yaani mtihani wa marudio, mwisho akadisko, yaani akaondolewa chuo kwa kufeli, mara nyingi tunasema hakusoma. Wengine kweli hawakusoma. Wengine walisoma peke yao, na chuoni hilo ni jambo tofauti kabisa.

Mimi niliacha kuwaachia. Nachukua orodha ya usajili, nachanganya majina, nabandika mlangoni. Kila mwaka wanakuja ofisini kulalamika, na wa kwanza kufika ni wale wenye wenzao: “Dokta, sisi tumezoeana.” Nawajibu kwamba ndiyo maana nimewatenganisha. Kanuni yangu nyingine ni kwamba siku ya kuwasilisha mimi ndiye ninayechagua nani azungumze, papo hapo, na maksi ni za wote. Hiyo imesaidia kuliko orodha yenyewe. Wenye Kiingereza wameanza kuwaelekeza wenzao, si kwa upendo, bali kwa kuogopa maksi. Upendo, ukija, huja baadaye.

Nitoe mfano. Kikundi kimoja kilipewa mada ya bei za mazao. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa nzuri za nadharia, Kiingereza safi, na haikugusa lumbesa hata kwa mstari mmoja. Aliyeileta lumbesa ni kijana aliyekulia jirani na soko la mahindi la Kibaigwa. Alisimama kwa Kiingereza cha kujikongoja, akachora gunia ubaoni, akaonyesha kilele kilichoshonewa juu yake, na akaeleza jinsi mkulima anavyolipwa gunia moja huku akitoa zaidi ya gunia. Darasa zima likanyamaza likimsikiliza. Wenzake ndio waliomsaidia neno pale lilipokwama.

Si kila kikundi hufika hapo. Vingine hugombana muhula mzima, na nimewahi kusuluhisha kesi za mtu kufutwa jina kwenye jalada usiku wa manane. Kundi la wanafunzi viziwi tunalitendea vibaya zaidi, hata mimi orodha yangu haikutosha: mkalimani wa lugha ya alama yupo saa za kipindi, lakini vikundi hukutana saa mbili usiku, na wakati huo kiziwi hutumiwa ujumbe wa “tumeshagawana kazi, wewe andika marejeo”.

Wenzangu kazini huniambia kuwa hawa ni watu wazima, waachwe wachague. Ningekubali kama wote wangekuwa na wa kumchagua. Shule kubwa ya binafsi huleta wanafunzi ishirini chuo kimoja kwa mpigo. Shule ya kata ya pembezoni, ikibahatika, huleta mmoja. Kumwambia huyo mmoja achague ni kumwambia asubiri wenzake wachaguane kwanza. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 13 wa sheria. Watu 13 hakuna haja ya kuwapanga, watajuana tu. Leo darasa la mwaka wa kwanza linaweza kujaza ukumbi, wengine wakisikiliza kutoka dirishani.

Vyumba navyo ni hivyo hivyo. Katika vyuo nilivyopata kufanya kazi, mwanafunzi huruhusiwa kutaja anayetaka kukaa naye, na mwenye pesa hata hiyo haimhusu, anakwenda kupanga geto lake nje. Zamani uhaba wa vitanda ulifanya kazi ambayo sera haikufanya. Enzi za kubebana, wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, mmoja kichwa huku mwingine kule, hukuuliza mwenzako kasoma wapi, ulimbeba aliyekosa. Siombi kubebana kurudi, kunguni wale nawakumbuka.

Kuna mahali chuoni ambapo tajiri na maskini huchanganyika bila kusukumwa, nako ni kwenye jumuiya za dini. Kwaya na darsa hazimwulizi mtu shule aliyotoka. Tatizo ni kwamba hapo nako wa msikitini hamwoni wa kanisani, kwa hiyo hatuwezi kuwaachia mashehe na wachungaji kazi ambayo ni ya chuo.

Ninachoomba hakihitaji bajeti mpya wala kamati ya kwenda kujifunza ng'ambo. Seneti za vyuo ziamue kwamba mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza tu, vikundi vya kazi na vyumba vya mabweni vitapangwa na chuo kwa kuchanganya shule walizotoka; taarifa hizo tunazo tayari kwenye fomu za udahili. Kuanzia mwaka wa pili wachague watakavyo. Vikundi vyenye mwanafunzi kiziwi vipewe saa ya kukutana mchana, mkalimani akiwa kazini. Na wahadhiri wenzangu, ambao najua mnasema kupanga majina ya watu mia tatu ni kazi, programu ya kawaida ya kompyuta huyachanganya kwa dakika chache. Ratiba za muhula wa kwanza zinabandikwa wiki hizi. Orodha za vikundi zinaweza kubandikwa pamoja nazo.

Mhadhiri,
Dar es Salaam