Hesabu ya Mkwaju Wako

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi sote hatujambo, na bibi yako anaendelea vizuri na goti lake. Uliponipigia simu kutoka Nairobi alfajiri ya Jumatatu, ukaniambia kwamba timu ya raga ya chuo chenu imeshuka daraja kwa sababu mkwaju wako wa mwisho ulipita kando ya mlingoti, sikuwa na la kukujibu, kwa kuwa mitumbwi ilikuwa inaingia na wenzangu walikuwa wamekwisha kuanza kununua. Sasa ni siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamepumzika, nami nimepata nafasi ya kukaa na daftari langu na kukuandikia kwa utaratibu.

Wewe ndiwe uliyenifundisha raga. Hapa mwaloni watu hubishana kuhusu Simba na Yanga, na siku nilipomwomba binamu yako anitafutie kwenye simu mechi za Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, vijana wanaoanika dagaa waliniuliza kama siku hizi nimehamia kwenye mieleka. Mwanzoni nilishangaa kuona uwanja uleule wa raga ya watu 15 ukiachiwa watu 7 kila upande, na mechi yenyewe ikamalizika kwa dakika 14, kabla hata chai haijapoa. Baadaye nikasoma kwamba aina hii ya raga ilianzia Melrose, Scotland, mwaka 1883, kwa wazo la kijana wa buchani aitwaye Ned Haig, ambaye klabu yake ilikuwa inahitaji fedha. Hapo nikaupenda mchezo huu, maana mtu wa buchani na mtu wa dagaa wanaelewana.

Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 5, na mkwaju unaoifuata, wa kuupiga mpira upite kati ya milingoti, ni pointi 2. Kwa hesabu hiyo ndogo ninaweza kukuonyesha jambo ambalo huenda kocha wako hajakueleza. Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali na kutwaa kombe lake la kwanza katika mfululizo wa mashindano ya dunia ya wachezaji saba. Ichukue hiyo 30 uigawe kwa trai na mikwaju, kama ninavyoligawa beseni kwa vikopo, nawe utaona kwamba haigawiki kwa njia nyingine: ni trai 6, na mkwaju hata mmoja haukuingia. Vijana wa kocha marehemu Benjamin Ayimba walikosa mikwaju 6 mbele ya Fiji, ambao miezi minne baadaye walichukua dhahabu ya Olimpiki Rio, na bado kombe likaja Nairobi.

Sasa njoo London, tarehe 21 Mei 2023, siku ambayo najua uliilia. Kenya ilifungwa na Canada 12 kwa 7 katika mechi ya kuwania nafasi ya kubaki katika mfululizo huo, ikashushwa baada ya kushiriki kwa zaidi ya miaka 20. Pointi 7 ni trai moja na mkwaju wake. Yaani Kenya haikukosa mkwaju wowote katika mechi ile. Aliyekosa mmoja ni Canada, naye ndiye aliyebaki. Sikuupenda utaratibu ule wa kuweka riziki ya mwaka mzima juu ya dakika 14, na mpaka leo siupendi, lakini ni lazima niseme pia kwamba Kenya haikufikishwa pale na Canada. Msimu ule ulikuwa na duru 11, kuanzia Hong Kong mwezi Novemba 2022, na kila duru ilikuwa na pointi zake za msimamo, 22 kwa bingwa na 1 kwa anayeshika mkia. Mechi ndogo za Jumapili asubuhi, za kugombea nafasi za chini, ambazo wengi hawazitazami, ndizo zilizokuwa zinapeleka timu London.

Nalijua hilo kwa uchungu. Mwaka ule mvua iliponiharibia gunia la mwisho nililaumu mvua mchana kutwa, mpaka usiku nilipofungua daftari nikakuta kwamba nilikuwa napoteza tangu mwanzo, kwa kununua mabeseni yaliyojaa maji chini na dagaa juu. Tangu hapo huwa nalilaza beseni ubavuni kwanza, maji yatoke, ndipo tuongee bei.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi. Septemba mwaka uleule, Harare, Shujaa waliifunga Afrika Kusini 17 kwa 12 na kupata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Hiyo 17 ni trai 3 na mkwaju mmoja, maana yake miwili ilipotea. Mwaka 2024 wakazunguka Dubai, Montevideo na Munich katika daraja la pili, na mwezi Juni wakarudi juu kule Madrid kwa kuifunga Ujerumani 33 kwa 15. Paris kwenyewe walipoteza mechi zote tatu za kundi, na sitakuficha kwamba nilizima simu kabla ya ile ya tatu kumalizika.

Ninyi mlifungwa 14 kwa 12. Kama mkwaju wako ungeingia, ingekuwa 14 kwa 14, na mngeingia muda wa nyongeza mkiwa mmechoka, wala hakuna aliyewaahidi ushindi. Wenzenu walifunga trai mbili katika mechi hiyo, na wewe hukuwa peke yako uwanjani wa kuwazuia.

Dagaa kilo tatu, waliokaushwa vizuri bila mchanga, nimempa mtoto wa mjomba wako anayekuja huko kupitia Mwanza. Mgawie na mwenzako wa chumbani. Naye atakaporudi, mpe karatasi yenye matokeo ya mechi zenu zote za msimu, tangu ile ya kwanza. Nataka kuzipigia hesabu mwenyewe nione beseni la maji lilikuwa lipi.

Ni mimi,
Mama yako