Rangi kutoka nje ya mstari: angalieni kento

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vijana wa Arusha wanaochapa kwa ubao sura za waigizaji na wanamuziki. Kazi zao nazipenda, ila midomo mingi imehama na rangi ya shati imemwagikia shingoni. Wengi hulaumu mkono wa mchapaji, kumbe kosa limeanzia kwenye kuchonga.

Tangu 1765 wachapaji wa Edo, Tokyo ya leo, walipanga rangi nyingi juu ya karatasi moja kwa msaada wa kento. Hizi ni alama mbili zinazochongwa kwenye ubao wenyewe: moja kama herufi L kwenye kona, nyingine mstari mfupi upande huohuo. Karatasi huegemezwa hapo kila rangi inapopigwa.

Kosa ni kuzipima kento kwa rula, ubao mmoja mmoja. Chonga kwanza ubao wa mistari myeusi pamoja na kento zake. Chapa nakala kadhaa, alama zikiwemo, kisha bandika kila nakala kifudifudi kwenye ubao wa rangi kwa gundi ya wanga. Ndipo uchonge. Hapo kento zote zimezaliwa na mama mmoja.

La pili ni unyevu. Karatasi huchapwa ikiwa na majimaji, na karatasi iliyolowa hutanuka. Kwa upepo mkavu wa hapa, ukiiacha mezani ikisubiri rangi ya pili itakuwa imesinyaa, na kento haitakuokoa. Funga rundo lote kwa kitambaa chenye unyevu, juu yake nailoni, mpaka rangi ya mwisho. Wino ukisambaa kama doa la chai, karatasi haikupakwa gundi yenye shabu.

Mbao pia zina lawama. Edo walitumia mcheri, mgumu wenye nyuzi zilizoshikana. Kwenye mbao laini, mistari myembamba ya kope na nywele hukatika mapema.

Na tafadhali, tusiandike “mwigizaji wa kike” chini ya nakala za Sharaku, mchoraji wa sura za waigizaji wa Edo aliyechapisha 1794 na 1795. Wanawake walipigwa marufuku kwenye jukwaa la kabuki, maigizo ya Japani, mwaka 1629; hao ni wanaume, na kitambaa cha zambarau kipajini hufunika sehemu iliyonyolewa. Ile mandhari inayometa nyuma ya vichwa ni unga wa ulanga, yaani madini ya mica. Ulanga tunao nchini, jaribuni.

Mpenzi wa chapa za mbao,
Arusha