Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024: Pampu ya Sola na Misaada Tuliyoitafuta

Wazee wetu, mama zetu, vijana na wanachama wote, hamjambo.

Mkutano uliopita mlituagiza kazi moja: tuiondoe pampu ya petroli inayovuta maji ya mashamba yetu pale mto Sabaki, tuweke ya sola. Mlikuwa mmechoka, na mlikuwa na haki. Mwishoni mwa 2023 lita moja ya petroli ilipita shilingi 200, na fedha za bilinganya na pilipili zikawa zinaishia kwenye jerikani.

Kazi imefanyika. Tuna paneli 8 za wati 400, pampu ya nguvu farasi 2 na tangi la lita 10,000 pale mwinukoni kando ya mbuyu. Betri hatukununua. Mchana jua linapandisha maji, jioni yanashuka yenyewe mashambani, na fedha za betri zikanunua mipira ya dripu, ya kumwagilia tone kwa tone. Paneli zinatazama kaskazini kwa sababu tuko kusini mwa ikweta, na zimeinama kidogo ili mvua ioshe vumbi. Tumezisimamisha juu ya alama ambayo mafuriko ya El Niño ya 2023 yaliacha kwenye miti. Chini ya hapo asijenge mtu kitu.

Wakati wa kaskazi maji hutoka tangu saa mbili asubuhi. Kusi ilipoleta mawingu tulingoja hadi saa nne, na siku nyingine tangi halikujaa. Anayetaka kupanda mboga miezi ile apunguze eneo.

Lipo jambo la kuwaomba radhi. Fundi wa kwanza tulimchukua kwa sababu alikuwa rahisi, na hatukumuuliza leseni. Viungo vya nyaya alivizungushia utepe mweusi, basi. Wiki ya tatu mlinzi alisikia harufu ya plastiki. Tulipofika, waya ulikuwa umeyeyuka hadi shaba inaonekana. Lawama ni yangu. Tangu kanuni za 2012 fundi wa sola anatakiwa awe na leseni, ambayo leo hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, kwa madaraja ya T1, T2 na T3, na T1 ni ya mifumo midogo tu. Fundi wa pili alituonyesha yake kabla hajashusha ngazi. Msimruhusu mtu kupanda paa la nyumba zenu bila hiyo karatasi.

Sasa misaada, ambayo wengi mmeniuliza. Msaada wa kwanza uko kwenye kodi: paneli zimesamehewa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Msamaha huo uliondolewa 2020, ukarudishwa na Sheria ya Fedha ya 2021. Hata hivyo makadirio ya bei tuliyoletewa kwanza yalikuwa na asilimia 16 juu ya kila kitu, paneli zikiwemo. Mweka hazina wetu alikaa na kalamu, akapiga mstari mmoja baada ya mwingine, akayarudisha. Yalipokuja tena bei ilikuwa imeshuka. Someni makadirio yenu mstari kwa mstari. Vyuma vya kusimamishia na kazi ya fundi msivichanganye na paneli, kwa sababu msamaha nilioutaja ni wa paneli.

Kuhusu KOSAP, mradi wa serikali wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, naomba tuelewane. Ni kweli kaunti yetu ya Kilifi iliwekwa miongoni mwa kaunti 14 za mradi huo ulioidhinishwa na Benki ya Dunia 2017. Lakini ulipangwa kwa ajili ya gridi ndogo (mitandao midogo ya umeme) za vijiji, sola na majiko bora ya nyumbani, na pampu za maji ya jamii. Shamba la mtu binafsi halimo. Ndiyo maana tuliacha kungoja, tukakopa sacco. Na wale wenye nguzo ya Kenya Power nyumbani wafuatilie kanuni za 2024, zinazomruhusu mteja kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi na kupata afueni kwenye bili.

Mwaka huu kamati inapendekeza pampu ya pili kwa mashamba ya juu, ambako akina mama bado wanabeba maji kwa ndoo, miche ya nyanya ikikauka huku mto wanauona. Makadirio matatu yatasomwa hapa leo, pamoja na nambari za leseni za mafundi. Naomba mpige kura kabla ya chakula. Fomu za mkopo ziko kwa katibu hadi Jumamosi.