Siri ya mteja na siri ya refa ni vitu viwili

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba wakili anayejua mteja wake ameua, kisha akamtetea huku amefunga mdomo, naye ni muuaji tu. Mimi nimestaafu kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya mawakili, naomba nafasi nimjibu.

Siri ile si mali ya wakili, ni ya mteja. Mteja akitaka kuitangaza kwa kipaza sauti, ruksa. Wakili hana ruhusa hiyo, na hata sisi wapiga chapa na makarani tulibanwa vilevile. Nimepiga chapa maelezo ya watu ambao nikikutana nao leo nitawaamkia kama vile sijui lolote.

Lakini si kila kinachopita mikononi mwa wakili ni siri. Tangu hukumu ya Cox na Railton huko Uingereza, 1884, anayemwendea wakili kuuliza namna ya kufanya uhalifu hana kinga yoyote. Na daftari la hesabu za wizi haligeuki kuwa siri kwa kuwa tu limehamishiwa kabatini kwa wakili. Ofisi ya wakili wa Marekani, Michael Cohen, ilipopekuliwa Aprili 2018, mteja wake Donald Trump aliandika kwamba siri ya wakili na mteja imekufa. Wapi! Jaji mstaafu, Barbara Jones, aliwekwa kuchambua makaratasi yale kabla waendesha mashtaka hawajayagusa. Sehemu kubwa ilionekana haina siri ya kisheria ndani yake.

Sasa nije penye ugumu, maana msomaji wetu hakupataja. Chicago, 1982, mlinzi aliuawa katika mgahawa wa McDonald's, akakamatwa Alton Logan. Andrew Wilson, aliyekuwa na kesi nyingine, aliwaambia mawakili wake kwamba muuaji ni yeye. Mawakili wale, Dale Coventry na Jamie Kunz, waliandika hati ya kiapo, wakaitia kwenye bahasha, wakaifungia katika sanduku la chuma. Wilson aliwaruhusu kuifungua akishakufa. Alikufa 2007. Logan alitoka gerezani mwaka uliofuata, baada ya miaka 26.

Hati kama ile ni ukurasa mmoja, dakika chache za mashine. Nimewaza mara nyingi, ningekuwa mimi niliyeipiga ningelalaje? Hata hivyo sisemi mawakili wale walikosea. Wangesema, Wilson angewaruka, na mshtakiwa mwingine yeyote asingemfungulia wakili wake moyo tena. Ninalosema ni kwamba kanuni ina tundu la kuzibwa, na jimbo la Massachusetts limeliziba: huko wakili anaruhusiwa kuvunja ukimya ili asiye na hatia asinyongwe wala kufungwa. Wengine wanangoja nini?

Kinachonikera mimi ni wanaoliazima neno "siri" wakati hawana mteja wa kumlinda. Mfano wa kwanza ni marefa.

Septemba 30, 2023, Luis Díaz wa Liverpool alifunga dhidi ya Tottenham, kibendera kikapanda. Chumba cha VAR, yaani marefa wanaokagua picha za video, kiliona wazi kwamba hakuotea. Lakini mtu wa VAR alidhani uwanjani bao limekubaliwa, akatamka kuwa ukaguzi umekamilika, mpira ukaanzishwa kwa faulo. Fundi wa picha alishtuka, akawauliza kama wameridhika. Jibu likawa kwamba hawawezi kufanya kitu. Liverpool walilala 2-1. Haya tuliyajua kwa sababu sauti zilitolewa siku tatu baadaye, tena baada ya kelele nyingi. Bila sauti zile tungebaki na uvumi wa hongo, na mimi ningekuwa wa kwanza kuusambaza.

Mfano wa pili ni Manchester City. Walifunguliwa mashtaka zaidi ya 100 ya kuvunja kanuni za fedha na Ligi Kuu ya Uingereza Februari 2023, kesi ikasikilizwa faragha kuanzia Septemba 2024. Mazungumzo ya klabu na mawakili wake yawe siri, sawa kabisa. Ila ushahidi, hoja na maswali ya kesi vinafichwa kwa faida ya nani? Kesi ya muogeleaji wa China, Sun Yang, iliyohusu upimaji wa dawa zilizokatazwa michezoni, ilisikilizwa hadharani Montreux, Uswisi, Novemba 2019, mpaka ukalimani mbovu tuliuona wote. Aibu, ndiyo, lakini ilikuwa yetu sote.

Raga refa huvaa kipaza sauti na mtazamaji anamsikia akibishana na wasaidizi wake. Soka nalo lifanye hivyo, mechi ikiwa inaendelea, si baada ya siku tatu.

Mpiga chapa mstaafu